Mlalaji wa Swali la Alizeti

Swali lilisomwa mara tatu, kama ilivyo desturi, na kila mara sauti ya Bwana Kashindye ilishuka kidogo, mpaka mara ya tatu ikawa kama maji yanayopita chini ya mlango.

"Je, Serikali iko tayari kutoa msamaha wa kodi wa miaka kumi kwa mwekezaji anayekusudia kujenga kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti katika kijiji husika? Sehemu (a), kiwanda hicho kitaajiri wananchi wangapi? Sehemu (b), msamaha ukiisha, Serikali itapata nini?"

Kijiji hakikutajwa. Majina ya mahali huondolewa kabla swali halijaletwa chumbani, ili mlalaji asipendelee. Niliweka kichwa juu ya mto wa nyuzi, nikasikia nyuzi zikipata joto nyuma ya masikio. Ilikuwa saa nane mchana. Jua la Dodoma lilikuwa limebandikwa nje ya mapazia ya kijani, na chumba chote kilikuwa na rangi ya ndani ya jani. Nikaanza kuzama.

Chini ya Jumba la Majibu kuna Ghala. Sijawahi kushuka huko. Wanasema limehifadhi kila risiti iliyokatwa nchini, kila gunia lililopimwa, kila mvua iliyonyesha na kila mtoto aliyezaliwa, kwa miaka arobaini. Ghala linajua kuhesabu kwenda mbele, lakini halijui kutazama. Ukiliuliza miaka kumi na miwili ijayo itakuwaje, linakumwagia tarakimu mpaka hujui ushike ipi. Baadaye iligunduliwa kwamba mtu akilala juu ya nyuzi zake hupita ndani ya tarakimu hizo kama anavyopita mtaani. Anaona majengo, anasikia redio za watu, anaweza hata kuuliza njia. Mwanzoni waliwalaza wachumi. Wachumi waliota majedwali. Mmoja, tunasimuliwa, alilala saa tatu nzima, akaamka akasema ameona ukurasa wa arobaini na moja. Ndipo wakaanza kututafuta sisi, watu ambao hatukufika mbali darasani na tumezoea kutazama vitu kwa macho.

Nilitua kwenye barabara ya vumbi. Kulia na kushoto alizeti zilikuwa zimegeuza nyuso zote upande mmoja, na upepo ulipopita zilitikisa vichwa taratibu, kama zinakubaliana na mtu nisiyemwona. Mbele kulikuwa na kiwanda cheupe. Hakikutoa moshi. Kilitoa harufu ya mbegu za kukaanga, tamu, nzito, harufu ya kunifanya nitake kulia bila sababu.

King'ora kililia na wanawake wakaanza kutoka getini wakiwa wamevaa ovaroli za bluu. Walitoka kwa muda mrefu. Nilimuuliza mlinzi wako wangapi, akasema elfu nne na mia mbili, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe chake. Nikamuuliza kuhusu kodi. Alinyoosha kidole kwenye zahanati mpya yenye paa la bluu, akasema ile imejengwa mwaka wa kumi na moja, msamaha ulipoisha, na shule nyuma yake mwaka wa kumi na mbili.

Nyuma ya shule kulikuwa na mawe makubwa. Nikayatambua. Moja lina umbo la mtu aliyeinama kufunga kamba za viatu. Lile jiwe liko Isanzala, kwetu, na nimecheza juu yake tangu nianze kutembea.

Kisha mama yangu akatoka getini. Alikuwa ndani ya ovaroli, mikono imenyooka, bega lake la kulia halikuinama. Aliniona, akarusha kichwa nyuma akacheka, na kicheko chake kikaruka juu ya alizeti kama ndege mweupe.

Hapo nikaamka.

Hakuna anayeruhusiwa kumsemesha mlalaji mpaka amalize bakuli lake la uji. Nilikunywa polepole. Bwana Kashindye, mwandishi wetu, alikaa na kalamu yake, mtu mpole, mwenye kola iliyochakaa, ambaye ameandika ndoto za watu kwa miaka tisa na hajawahi kushangaa. Nilipoweka bakuli chini aliniuliza (a), nikamjibu. Akaniuliza (b), nikamjibu. Hakuniuliza kama napajua mahali pale. Walalaji hujibu walichoulizwa. Nami ni mtu wa maneno machache hata siku ambazo sina la kuficha.

Akapiga mhuri, jibu likapanda juu kwenda wizarani.

*

Uani kuna benchi moja la saruji, na hapo ndipo Mwanahija alinikuta nikipasua mbegu za alizeti kwa meno. Mwanahija ni mlalaji mwenzangu, mtu wa Tanga. Tunalala vyumba vya jirani. Yeye hulala kwa maswali ya bandari na ajira, mimi ya mashamba.

"Kasuku wewe," alisema. "Utaota manyoya."

Nilimwambia zimetumwa kutoka nyumbani, mzigo umekuja na basi. Akachota kiasi, akatafuna, akasifu aliyezikaanga. Halafu akaacha kutafuna.

"Umeanza kuzila saa ngapi, bibie?"

Nikasema sasa hivi.

Haikuwa kweli. Mzigo ulifika saa saba, na nilikula kiganja kimoja nikiwa njiani kuelekea chumbani. Kiganja kimoja tu. Nikasukutua mdomo mara mbili. Lakini kanuni ya kwanza tunayofundishwa, kabla hata hatujaonyeshwa kitanda, ni kwamba mlalaji haingii na kitu cha kwao mwilini. Tunaoga kwa sabuni ya Jumba, tunavaa nguo za Jumba, asubuhi tunakula chakula cha Jumba. Harufu ya kwenu ikikufuata kitandani, Ghala linaachia mkono wako na unakwenda mwenyewe, kwa miguu ya moyo wako, mahali unapopataka. Wanaiita ndoto ya nyumbani. Ukiwa ndani yake huwezi kuitofautisha na ile nyingine.

Nilijiambia kiganja kimoja hakiwezi kugeuza ndoto ya nchi nzima. Nilikuwa bado najiambia hivyo simu ilipolia.

Nilimwamkia mama, akaitikia, akauliza kama mzigo umefika. Kisha akanipa habari za Isanzala, na zote zilikuwa za kiwanda. Mbunge alikuwa amepita akawaambia swali lao limeingia kwenye ratiba na litajibiwa kesho asubuhi. Duka la Mzee Njiku limeweka ukuta wa picha wa kuonyesha Bunge ili watu wote waone. Mama mwenyewe alikuwa ameshanunua buti za mpira. Alisikia kwamba sakafu ya kiwanda cha mafuta huteleza, akaona asije akaitwa kazini hana buti.

"Ni za kijani," alisema. "Namba ni kubwa kidogo, lakini nitavaa na soksi. Nazivaa jioni hapa ndani, nazizoesha."

Akacheka.

Kicheko cha mama yangu kina filimbi ndani yake. Jino lake la mbele, la juu, halipo. Lilivunjwa na mkono wa mashine ya kukamulia, ile ya chuma tunayoizungusha kwa nguvu za mabega, siku kamba ilipokatika. Jino likaenda, bega likateguka, nami nikatoka darasa la tano nikaja kuzungusha mashine badala yake. Tangu siku hiyo akicheka, hewa hupita penye pengo na kupiga filimbi nyembamba. Anaionea aibu mbele ya wageni. Mimi naipenda.

Mama wa kwenye ndoto alicheka bila filimbi. Nikakaa na simu sikioni, nikamtazama tena pale getini, kichwa nyuma, mdomo wazi, na nikaliona jino. Lilikuwepo, jeupe, mahali pake, miaka kumi na miwili kuanzia leo. Na bega lilikuwa zima.

Mambo hayo hayako mbele yetu. Yako nyuma, kabla ya ile kamba kukatika. Nilikuwa nimemrudishia mama yangu jino lake, na Jumba lilikuwa limeligongea mhuri.

*

Bi Chiwanga, msimamizi wa walalaji, alinipokea amesimama, mkoba tayari begani. Nilimweleza yote, nikianza na kiganja cha mbegu. Nilisema vibaya. Maneno yalinitoka yamegeuka, ya mwisho mwanzoni, akaniuliza mambo mawili matatu mpaka akaelewa. Akaweka mkoba mezani.

Hakunigombeza. Alisema jibu limeshapanda na Naibu Waziri amelifurahia. Alisema mwekezaji yuko hotelini anasubiri kesho, na kwamba kuna nchi jirani imemwandalia eneo. Alisema pia, kwa sauti ya mtu anayeongea na nafsi yake, kwamba ndoto ya nyumbani si lazima iwe ya uongo, huenda kiwanda kitakuwa hivyo hivyo nilivyokiona, na jino ni kitu kidogo.

"Elipendo," aliniita. "Unajua ni watu wangapi wanaisubiri hiyo kazi?"

"Elfu nne na mia mbili," nilisema. "Ndio wale niliowatunga mimi."

Nje mtu alikuwa akimwagilia bustani, na harufu ya udongo uliolowa ikaingia dirishani.

"Umeniambia, nimesikia," alisema mwishoni. "Sasa umetua mzigo. Kesho Bungeni simama kama wenzako wanavyosimama. Usiposimama, kitanda chako anapewa mwingine, na mimi sitaweza kukutetea."

Nilirudi chumbani kwangu nikakaa kitandani bila kulala. Nilijaribu kuziona buti za mama, za kijani, zikitembea ndani ya nyumba kutoka jikoni hadi mlangoni na kurudi. Kisha nikajaribu kuona miaka kumi ya kodi isiyokusanywa, nikashindwa. Kitu kisichokuwepo hakina rangi. Zahanati ambayo haikujengwa hakuna anayeweza kuielekeza kwa kidole. Hilo ndilo lililonitisha. Kama kiwanda kile kingekuja kuwa vingine, hakuna mtu Isanzala ambaye angejua alichokosa, ila mimi, na mimi ni mtu wa kunyamaza.

*

Bungeni walalaji wana safu yao, juu kushoto, viti saba vya kitambaa cha bluu. Desturi ya kusimama ni ya zamani kidogo. Miaka ya mwanzo kulitokea majibu ambayo hayakuotwa na mtu yeyote, yalitungwa ofisini yakapewa jina la ndoto. Wabunge wakaamua kwamba mwisho wa kila jibu aliyelala asimame aonekane, hata kama hasemi kitu. Asiposimama, jibu halijatolewa. Siku hizi hakuna anayetazama juu. Tunasimama, tunakaa, swali linalofuata linaitwa.

Saa tatu na nusu waliita swali la alizeti. Naibu Waziri alisimama, akarekebisha miwani.

"Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge lenye sehemu (a) na (b), kama ifuatavyo."

Alisoma vizuri. Alikuwa na sauti nzito ya kupendeza, na katika sauti hiyo ndoto yangu ilionekana nzuri kuliko nilivyoiota. Wanawake walitoka getini kwa muda mrefu. Paa la zahanati likang'aa. Nikayaona mawe, na jiwe lile lililoinama, na nilijua kwamba wakati ule ule, dukani kwa Mzee Njiku, watu wa Isanzala wamesimama wameinua nyuso kwenye ukuta wa picha, zote upande mmoja, na mama yangu yuko katikati yao, pengine na buti miguuni.

"Aliyelala na aonekane," alisema Spika, akiwa anafungua karatasi nyingine.

Nikabaki nimekaa.

Sikujua kwamba kukaa kunaweza kuwa kazi nzito hivyo. Magoti yangu yalitaka kunyanyuka yenyewe, kwa mazoea. Niliyashika kwa mikono miwili. Mwanahija, aliyekuwa kiti cha pili, alinifinya ubavuni.

"Inuka, bibie. Umelala tena?"

Spika alirudia. Safari hii aliinua macho, na wengine wakainua, mmoja mmoja, mpaka ukumbi mzima ukawa umegeukia juu kushoto. Mtu mmoja alicheka, akaacha. Sijawahi kutazamwa na watu wengi namna ile. Nilitazama kiti cha mbele yangu, mahali ambapo kitambaa kilikuwa kimefumuka uzi, nikaufuata uzi ule mpaka mwisho wake, nikaanza tena.

Mbunge wetu alikuwa akinitazama pia. Hakuonekana amekasirika. Alionekana kama mtu aliyeita jina barabarani na aliyegeuka si yule.

"Jibu halina aliyelisimamia," alisema Spika. "Swali lirudi Jumbani, lilaliwe upya. Tunaendelea."

*

Swali alipewa Mwanahija, mchana ule ule.

Kitanda changu kilikuwa kimeshatandikwa shuka nyingine. Bi Chiwanga aliniambia basi la kwetu linaondoka Ijumaa, na kwamba mpaka siku hiyo nisaidie jikoni. Alisema hayo akiwa ananitazama mikono, si uso. Kisha akaongeza kwamba uji wa chumba cha nne utahitajika saa kumi, na nikajua chumba cha nne ni cha nani. Hakulazimika kunipa kazi hiyo.

Nilipoingia na bakuli, Mwanahija alikuwa ameketi kitandani, macho yakiwa bado mbali. Nywele zilikuwa na alama za mto wa nyuzi, kama shamba lililopigwa matuta. Alikunywa uji wote. Nilisimama karibu na mlango kusubiri bakuli, na Bwana Kashindye, anayejua kanuni zote, hakuniambia nitoke.

Akauliza (a).

Mwanahija alisema alikiona kiwanda, ni cheupe, na kilijengwa kweli. Miaka ya kazi waliajiriwa watu mia sita, wengine kwa msimu. Aliambiwa na mzee aliyekuwa akichunga mbuzi getini.

Akauliza (b).

"Geti lina mnyororo," alisema Mwanahija. "Msamaha uliisha mwaka wa kumi, wao wakaondoka mwaka huo huo. Mashine walizipakia. Mzee wa mbuzi anasema malori yalipita siku nne. Serikali haikupata kitu. Na zahanati niliitafuta, sikuiona."

Bwana Kashindye aliandika. Kalamu yake ilikuwa ndiyo sauti pekee mle chumbani. Alipofika mwisho akachukua mhuri, na Mwanahija akaendelea kuongea.

"Ndani ya geti kuna sakafu kubwa ya saruji, safi, jua tupu. Kuna mama amepita penye tundu la uzio, ameanika mbegu zake pale. Anazigeuza kwa mguu. Kavaa buti za kijani, zimechakaa."

"Hilo halikuulizwa," alisema Bwana Kashindye kwa upole.

"Najua. Sikuambii wewe." Alikuwa akinitazama mimi. Akagusa jino lake la mbele, la juu. "Hapa hana kitu. Nilimsalimia, akacheka, kikalia kitu kama filimbi. Nikasema, huyu ndiye mkaangaji wa zile mbegu zako."

Bwana Kashindye alisimamisha mhuri hewani muda kidogo, kisha akaugonga.

Siku iliyofuata Mwanahija alisimama, na ndoto yake ikawa jibu la Serikali. Msamaha wa miaka kumi haukutolewa. Serikali ilisema itazungumza na mwekezaji juu ya miaka mitatu, na kwamba mashine zisitoke nchini kabla ya miaka ishirini. Mwekezaji akasema atafikiria. Hakuna aliyejua kama atarudi. Na hilo nalo ni kweli: inawezekana kabisa kwamba kwa kukaa kwangu kitini siku ile, Isanzala haitapata hata zile kazi mia sita.

Nilimpigia mama jioni, jua likiwa bado juu ya ukuta wa uani. Niliogopa asipokee. Alipokea kwenye mlio wa kwanza.

Alisema waliniona wote. Watu walitoka dukani bila kuagana, na wengine mpaka sasa wanapita nyumbani bila kusalimia. Halafu akaniuliza kama miguu ilikuwa inaniuma.

"Hapana, mama."

"Basi ulikuwa na sababu."

Nikamwambia nakuja Ijumaa, na kwamba sirudi tena huku. Nikamwambia nitazungusha mashine mimi. Nilimsikia akihema, akisogeza kitu sakafuni, kitu cha mpira.

"Njoo," alisema. "Na hizi buti utavaa wewe. Kwangu zilikuwa kubwa, nilikuwa najidanganya tu na soksi. Nikitembea nazo naonekana kama bata."

Akacheka. Nikaikandamiza simu sikioni, nikafumba macho, nikasikiliza filimbi yake ikipita penye pengo, mwanzo hadi mwisho.